Kitabu Nilichokisifia Bila Kukisoma

Mimi ni mkutubi hapa Mwanza. Kila mwezi huandika maelezo mafupi ya vitabu vipya na kuyabandika ubaoni, na watu huniamini. Mwezi uliopita kililetwa kitabu cha kumbukumbu za mwalimu mstaafu aliyekulia Ukerewe. Jaladani palikuwa na picha ya watoto wakicheka ndani ya mtumbwi. Uvivu ukanishika. Nilisoma kurasa tatu za mwanzo, kisha nikaandika kwa mbwembwe: "Utacheka mpaka mwisho. Kinamfaa aliyechoka na huzuni."

Mama Koku wa Kiseke aliyasoma maneno hayo. Mwanawe alizama ziwani mwaka jana, na tangu msiba ule hakuwa amekanyaga maktaba. "Hiki ndicho ninachohitaji," akaniambia. Nikakigonga muhuri huku nikijiona mfariji kuliko padri.

Alikirudisha baada ya siku tatu. "Shikamoo, mama," nikamwamkia. Akaitikia taratibu, akafungua sura ya nne na kuniwekea mezani. Nikasoma nimesimama. Mtumbwi ulipinduka, na kati ya watoto wale wa pichani alirudi mmoja tu.

"Mwanangu," akasema bila hasira, "nimekisoma chote, na kimenisaidia kulia. Lakini sikuja hapa kutafuta kilio. Niambie ukweli, wewe ulikisoma?"

Wasomaji wa meza ya karibu waliinua vichwa. Nilitaka kusingizia kusahau, ulimi ukakataa.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikukisoma."