Mji wa Kuwatosha Wawili

Velko alifika uzeeni bila kumwambia mtu hata mmoja kwamba anamhitaji mkewe, na kwa maoni yake hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Mwanamume wa huku kwetu atamsifu farasi wake, atausifu mvinyo wake, hata jirani yake atamsifu akishazikwa. Mke hamsifu. Akimpenda sana ndipo humnung'unikia, na Velko alikuwa mnung'unikaji hodari kuliko wote mtaani.

Aliendesha kreni katika bandari ya Lom, kwenye mto Danubi, tangu enzi za kupaka nywele mafuta mpaka bandari ilipoishiwa meli na yeye akaishiwa meno. Mkewe aliitwa Parashkeva, lakini jina refu hivyo lilikuwa la kutajwa na padri tu. Sote tulimwita Keva. Mfupi, mwepesi wa mkono, mwepesi zaidi wa ulimi. Kila kitu uani mle kilikuwa chini ya amri yake, kuanzia kuku mpaka Velko mwenyewe. Jambo moja tu alimwachia mumewe, kama mama yake alivyomfundisha: neno zito kwa watoto hutolewa na baba.

Watoto walikuwa wawili, na wote waliondoka kama walivyoondoka watoto wa mtaa mzima. Plamen, wa kiume, alikwenda Kassel, Ujerumani. Rositsa alifuata mume mpaka Valladolid, Hispania. Kila mmoja alipoondoka, Keva alitoka na ndoo ndogo ya shaba, maji ndani, tawi la ua la jeranio juu yake, akamwaga mbele ya miguu ya msafiri langoni. Ndivyo tufanyavyo, ili safari iteleze kama maji. Msafiri hupita juu ya maji yale na hageuki nyuma, maana kugeuka ni nuksi. Asiyemwagiwa ni kama aliyetakiwa mabaya na watu wa nyumbani mwake. Velko siku hizo alisimama pembeni akivuta sigara. Maji ni kazi ya wanawake.

Basi, majira ya baridi ya mwaka ule Velko aliteleza kwenye theluji akienda kuchukua kuni, akavunjika mfupa wa paja. Keva alimlaza juu ya blanketi akamburuta mpaka mlangoni, huku akimtukana njia nzima ili asizimie. Alimtukana yeye, na mama yake, na kreni, na buti alizokataa kuzitupa. Alipotoka hospitali anatembelea mkongojo, Plamen akaja kumwona. Akasimama barabarani, akatazama mtaa. Mabomba ya moshi yaliyokuwa yakitoa moshi ni mawili tu, la kwao na la jirani yao Tinka, mjane.

"Baba, hamwezi kukaa hapa baridi nyingine," alisema. "Mimi na Rositsa tunatafuta nyumba kubwa zaidi, kila mtu huko aliko. Nyie chagueni mji. Kassel au Valladolid."

Wakachagua. Jamani, walivyochagua! Kipupwe kikaisha, maua ya plamu yakachanua yakapukutika, na wale wazee wawili kila jioni wamekaa kwenye benchi lao nje ya lango wanabishana juu ya miji ambayo hawajawahi kuikanyaga.

"Hispania jua la bure," Keva alisema. "Huo mfupa wako utakauka wenyewe."

"Jua sawa. Na mto je? Nimeuona kwenye simu ya Rositsa. Mto gani ule, mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo."

"Kwani unataka kuendesha kreni tena?"

"Nataka mto ambao mtu akiuona anajua huu ni mto."

Kassel nako kulikuwa na kasoro. Keva alimwuliza Plamen kama ataruhusiwa kuchoma pilipili hoho, maana huku kwetu vuli ikifika kila ua una jiko la kuchomea hoho na mtaa wote unanukia. Plamen akajibu kwamba kwenye baraza ya ghorofa haiwezekani, majirani wataita zimamoto.

"Basi huo si mji," Keva alisema. "Hiyo ni wodi."

Tinka alikuwa akija na kikombe chake cha kahawa ili asikose vita hivyo. "Nyie mnaichambua miji kama wachumba," aliwaambia. "Haya, na mimi mnaniachia nani?"

"Tunakuachia kuku," Velko alimjibu.

"Kuku wenyewe vikongwe kama nyie."

Ukweli ni kwamba Velko alikwisha kuchagua tangu mwanzo. Aliitaka Hispania kwa sababu Keva aliitaka, ila angesema hivyo angepasuka. Aliendelea kunung'unika juu ya mto mpaka jioni moja, baada ya supu ya mtindi na matango, akasukuma bakuli akasema, "Haya, Hispania. Lakini mto wao sitausalimia." Keva akacheka hadi akafuta macho kwa aproni. Usiku ule Velko alilala akiwa na kitu cha kungojea. Alijiona kwenye benchi la mji ule wa kigeni, jua kwenye goti, na Keva ubavuni anawateta wapita njia kwa lugha wasiyoijua. Raha iliyoje kuteta watu wasiosikia.

Jumapili wakampigia Rositsa simu ya video.

"Tumechagua," Keva alisema. "Tunakuja kwako, mwanangu. Baba yako ana ugomvi na mto, lakini atazoea."

Rositsa hakucheka. Alitazama pembeni. "Kwani Plamen hajawaambia?"

"Atuambie nini?"

"Nyumba kubwa hatukupata, mama. Si mimi, si yeye. Nina chumba kimoja, kile cha mtoto, na kinaingia kitanda kimoja tu. Wewe utalala humo na mtoto, utanisaidia nirudi kazini. Baba ataenda kwa Plamen, kuna kochi la kukunjua, na wanaomnyoosha mtu miguu wapo hapo hapo jirani. Tumeongea mimi na Plamen, tumeona hakuna njia nyingine."

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda tu. Mama, usiniangalie hivyo. Mnataka niwaache mfe kwenye theluji?"

Keva akamgeukia mumewe. Alingoja, maana hapa ndipo mahali pa baba.

Na Velko alikuwa nalo la kusema. Lilikuwa fupi, mtoto mdogo angeweza kulisema: Mimi bila mama yenu silali. Na si maneno ya kupamba. Wodini hakupata usingizi mpaka Keva alipogombana na wauguzi, wakamwachia kiti akae karibu na kitanda. Velko akafungua mdomo. Kwenye pembe ya simu akaona sura yake mwenyewe, kizee cha ndevu mbovu kinachotaka kuwaambia watoto wake kwamba kinaogopa kulala peke yake. Akaona haya.

"Sawa," alisema. "Kama mmeshapanga."

Keva akainuka akaenda kulisha kuku, ambao walikwisha kula.

"Yaani mmegawanywa kama viti vya marehemu," Tinka alisema alipohadithiwa.

Wakaishi kiangazi kile katika kimya cha watu wanaokasirikiana kwa adabu. Velko alimkasirikia Keva kwa kuwa hakusema. Keva alimkasirikia Velko kwa kuwa hakusema. Kila siku ilikuwapo nafasi ya kuinua simu, na kila siku ikapita, mpaka tiketi zikakatwa na aibu ya kubadili neno ikawa kubwa kuliko aibu ya kulisema. Vuli ikaja. Wakachoma hoho zao za mwisho, Keva akazimenya, akazifunga kwenye chupa, kisha akazigawa mezani mafungu mawili.

"Mimi zote hizi sizimalizi," Velko alisema.

"Utazimaliza. Kule nani atakupikia?"

Basi dogo la Hispania lilikuja Jumamosi asubuhi, likiokota watu mlango kwa mlango. Dereva akapakia mabegi na maboksi ya chupa. Keva akasimama langoni amevaa koti la kanisani. Kisha akamkabidhi mumewe ile ndoo ya shaba. Tawi la jeranio alikwisha kulitia mwenyewe.

"Mwaga mbele ya miguu," alimwelekeza. "Usinilowanishe viatu."

Velko akaishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili uko kwenye mkongojo. Hajawahi kuishika ndoo ile maisha yake yote. Na hapo ndipo alipoona jinsi alivyobanwa. Akimwaga, amekubali. Asipomwaga, amemtakia mkewe ajali njiani. Mila imempa mlango mmoja tu wa kutokea, nao unatokea barabarani.

Dereva akapiga honi.

"Velko, watu wanangoja," Keva alisema. Halafu kwa sauti ya chini, "Una neno?"

Tinka, aliyekuwa amesimama kando, anasema alimwona akiitazama ndoo.

"Maji ya baridi haya," Velko alisema.

"Maji ya kumwaga hayapashwi moto," Keva alimjibu.

Akamwaga. Alimwaga vibaya, nusu ikaingia viatuni, na Keva hakumgombeza. Maji yakimwagika hayazoleki. Alipita juu yake, akapanda basi, akakaa kwenye dirisha la upande wa pili. Hakugeuka, kwa sababu msafiri hageuki, na hivyo Velko hakumwona uso. Alibaki langoni na ndoo tupu mpaka Tinka akaja kumnyang'anya.

Basi la Ujerumani lilikuwa la wiki iliyofuata. Siku zile Velko alilala kwenye kiti, kama mtu anayengoja zamu. Tinka aliahidi kuja kumwagia maji, lakini asubuhi ile ile mpwa wake akamchukua kwenda kutibiwa macho. Kwa hiyo basi lilipofika, Velko alikuwa amefunga mlango mwenyewe, ufunguo amesukumia chini ya lango la Tinka, na hapakuwa na mtu mwingine barabarani isipokuwa kuku. Simu ikaita mfukoni.

"Umeshatoka?" Ilikuwa sauti ya Keva, ya kunong'ona. Kule kwao watu bado walikuwa wamelala.

"Niko langoni."

"Nani anakumwagia maji?"

"Hakuna. Tinka kaenda kutibiwa. Nitamwaga mwenyewe."

"Mwenye safari hajimwagii. Umechanganyikiwa? Subiri hapo. Usipande."

Akasikia bomba likifunguliwa. Akasikia ndara za Keva, zile zile za nyumbani, zikiburura sakafuni. Kisha akayasikia maji. Yalimwagika kwa sauti kubwa kuliko alivyotarajia.

"Pita," Keva alisema.

Velko akainua mguu mbovu juu ya mawe makavu, akautua upande wa pili. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa kule Valladolid.

"Mama! Unafanya nini? Sakafu ya mbao hii, mama, itavimba. Mtoto atateleza. Jamani, nimekwambia mara ngapi?"

Na Velko akamsikia Keva wake, yule aliyetukana wauguzi, aliyemburuta theluji nzima kwa blanketi, akisema kwa sauti ndogo asiyoijua, "Nisamehe, mwanangu. Nafuta sasa hivi."

Alitaka kumfokea Rositsa. Alitaka kumwambia acha, hayo maji ni yangu. Lakini simu ilikwisha kushikwa na mkono mwingine.

"Baba? Mama kamwaga jagi zima sebuleni, sijui kapatwa na nini. Kazidi kusahau tangu afike. Uko njiani?"

"Mwambie nimepita," Velko alisema.

"Umepita wapi?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Dereva alimshika kwapa akampandisha, akamweka kiti cha mbele kwa ajili ya mguu. Alikuwa mtu wa makamo, uso umechoka, ana picha ya mke na watoto imebandikwa kwenye dashibodi. Mtaa ukaanza kusogea. Velko hakugeuka. Walipoipita bandari na zile kreni zenye kutu, akasema, bila kuulizwa, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mimi bila mke wangu silali."

Dereva akamtupia jicho, kisha akarudisha macho barabarani.

"Mwanzo ni hivyo, mzee," alisema. "Funga mkanda."