Kazi Nyepesi

Kwetu Ubaruku mimi sikupewa jembe. Nina ualbino, na mama alinihurumia. Wenzangu walipokuwa wamepinda migongo wakipandikiza mpunga, mimi nilikuwa nasubiri mpunga uive, nipandishwe kwenye kichanja nifukuze ndege kwa kupiga debe. Kutwa nzima umekaa tu, nani asingeitaka kazi hiyo? Paa hakikuwa nalo, maana lingenizuia kuwaona ndege. Kabla yangu alikaa hapo shangazi, naye mwenye ualbino. Alikufa kwa kidonda cha sikioni. Wengine walisema karogwa.

Mwaka jana sikio langu la kushoto lilitoka gamba. Nikilibandua linarudi. Mama alitaka kunikanda kwa maji ya chumvi, nikakataa.

"Si ni kakidonda tu, katakauka," alisema. Nilipozidi kukataa akacheka: "Haya, sikio la kufa halisikii dawa."

Sikucheka. Nilikwenda kliniki Mbeya, naye akanifuata.

Nesi alilitazama gamba kwa lenzi. "Dada, hii bado si saratani. Ikiachwa ndiyo inakuwa. Leo tunaigandisha kwa baridi kali, inaisha."

Nilishusha pumzi. Nikamuuliza kama wenye tatizo hili tupo wengi.

"Mmeongezeka sana."

Jua ni lile lile, limeongeza nini? Kabla sijameza mate, akasema hiyo ni habari njema, wanaoletwa masikio yameshaoza wamepungua. Nilimwona ananiuma huku ananipuliza, na hasira zikanipanda. Nikamwambia aniambie moja, ugonjwa unapanda au unashuka, hata bei ya mchele huwa na jibu.

"Zamani hawakuja, dada. Sasa mnakuja mapema, ndiyo maana tunawaona wengi. Kama na wagonjwa wenyewe wameongezeka, kwa kweli sijui."

Kama yeye hajui, mimi je? Nilichanganyikiwa zaidi.

Akauliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuugua saratani ya ngozi.

"Hapana," nikasema upesi.

"Kwetu hamna kabisa," mama akaongezea.

Nesi akapuliza dawa yake. Ilikuwa baridi, lakini iliunguza kama kaa la moto. Mama alinishika mkono, akauliza, "Na tungekaacha?"

"Kingekuwa kidonda kisichopona, mama. Kinatoa maji, kinanuka, mwisho kinalila sikio lote."

Mama akauachia mkono wangu. Nilijua anamwona nani, kwa sababu hata mimi nilimwona: shangazi na khanga yake aliyoizungushia kichwani, akila chakula peke yake uani.

"Nesi," mama akasema polepole, "basi kwetu alikuwepo mmoja. Wifi yangu."

"Alikuwa anafanya kazi gani? Juani?"

Mama alilitazama sikio langu.

"Tulimpa kazi nyepesi," akasema.