Kikuba Chenye Masikio

Ukitaka kuchekwa, jisifu Bagamoyo. Bi Habiba, mfunga vikuba vya maua, alisema siku moja kwamba mgeni fulani alimchora barazani kwake siku tatu mfululizo, akamwachia doti ya kanga, akaondoka na picha. Basi, amekwisha. Mpaka anaingia kaburini aliitwa Habiba wa Picha. Watoto walimfuata njiani: "Bibi, picha iko wapi?" Naye, badala ya kunyamaza yaishe, kila mara alijibu, "Ipo."

Mwaija ni mjukuu wake, na kazi aliipata kwake: kutunga asumini kabla hazijachanua, kuzichanganya na langilangi na vipande vya mkadi, kufunga kikuba cha bibi harusi kubandika kifuani. Ila vikuba vya bibi vilikuwa na kioja chake. Wenzake huficha mrehani kwa nyuma. Yeye aliuchomoza juu, vijitawi viwili, kimoja huku na kimoja huku. Watu wakasema kikuba cha Habiba kina masikio. Mwaija alipoanza kuuza vyake mwenyewe, masikio aliyaacha siku ya kwanza. Nani atakubali kuolewa na sungura kifuani?

Mwaka huu nyumba moja ya makumbusho pale mjini iliandaa maonyesho, kwa picha za zamani ilizoletewa kutoka ng'ambo. Kila mpambaji achague picha moja ukutani, kisha aitengenezee maua yanayoendana nayo. Msimamizi alikuwa Nidhi, binti wa duka la vitambaa, naye alimfuata Mwaija hadi nyumbani.

"Shikamoo, Bi Mwaija. Njoo uchague mapema, watu wa Dar hawajafika."

"Marahaba, mwanangu. Maua yangu mimi ni ya kuvaliwa, si ya kutazamana na ukuta."

Lakini alikwenda. Picha ya nne ilimsimamisha. Mwanamke ameinama, ushungi umemfunika uso wote, umebaki ncha ya kidevu. Mkononi ana kikuba, na kikuba kina masikio mawili ya kijani. Chini pameandikwa: "Mfunga maua, Bagamoyo. Jina halijulikani."

Mwaija alitafuta benchi akakaa. "Huyu ni bibi yangu," alisema.

Nidhi hakumbishia, msichana ana adabu zake. Alisema tu kwamba uso hauonekani, na wakubwa hawatabadili maandishi kwa neno la mtu wa familia. Watataka shahidi wa nje. Mwaija alimwelewa, na hapo ndipo palipomuuma. Waliompenda bibi walikwisha kufa. Waliobaki ndio waliokuwa wakimcheka. Naye alichokitaka ni kimoja tu, jina la Habiba lisomeke chini ya picha ile.

Alasiri ya kuamkia maonyesho alichuma asumini zake, mrehani akaletewa kutoka Zinga. Mikono ilikwenda vizuri mpaka ilipofika kwenye masikio, ikasahau. Miaka thelathini hakuwa ameyafunga. Mara ya kwanza yalilala, mara ya pili moja likadondoka. Mara ya tatu yakasimama.

Kesho yake watu wa Dar walijaza ukumbi kwa mawaridi, nyaya na masifongo ya kijani ya kuchomekea maua. Chini ya picha ya nne kulikuwa na msumari mmoja na kikuba kimoja, ukubwa wa kiganja. Bibi mmoja aliyevaa miwani alimwuliza Mwaija kama anaendelea au ndiyo amemaliza. Alimjibu kwa upole kwamba amemaliza.

Baada ya adhuhuri aliingia Mzee Muhidini, fundi seremala wa zamani. Huyu ndiye aliyelitunga lile jina la Habiba wa Picha. Alisema waziwazi kuwa amefuata juisi. Alipofika kwenye kikuba akacheka. "Masikio haya!" Kisha akainua macho ukutani, na kicheko kikamkauka.

"Nidhi," aliita, "nani kaandika hajulikani? Huyu ni Habiba binti Mwinyimvua. Mji huu hakuna mwingine aliyefunga hivi. Andika jina lake, na langu weka la shahidi."

Nidhi akaenda kuchukua kalamu. Mzee akajisogeza kwenye benchi, akakaa karibu na Mwaija.

"Tulimcheka sana bibi yako. Mimi wa kwanza."

Mwaija angeweza kumwachia mzigo ule aubebe peke yake. Alikuwa mzee, na alikuwa ameshautwaa.

"Na mimi," alisema. "Alikuwa kitandani anaumwa, mimi nina wenzangu chumbani. Akaanza habari za picha. Nikamwuliza, 'Bibi, iko wapi?' Wenzangu wakacheka."

"Akasemaje?"

"Siku ile tu," Mwaija alisema, "hakujibu."