Kifuu cha Tembo Lililolala

Jino lilinivimbisha shavu nikiwa bado sijaota ndevu, nikapelekwa Mlandege, mjini, kwa mtu aliyekuwa akiwang'oa watu meno barazani, wapita njia wakitazama. Nililia mpaka mwanamke mmoja aliyekuja kununua kanga akanitia karafuu mdomoni. Kwao Makunduchi. Miaka ikapita, sisi na wao tukazoeana, mwishowe akawa mama mkwe wangu. Namtaja kwa sababu ndiye aliyemzaa huyu ninayetaka kueleza habari zake.

Shemegi yangu huyo alikuwa msasi. Miaka ile ya hamsini nguruwe walikuwa wakifukua mihogo shamba zima, na wa kuwazuia ni mwenye mbwa. Yeye alikuwa naye mmoja tu, jike jekundu. Bila mbwa yule wanawe hawana muhogo wa kula.

Wasasi wa kule hawampi mbwa chakula tangu jana yake, ili aingie msituni na hasira. Wengine humwonjesha na tembo la mnazi, matone mawili matatu, la asubuhi, bado tamu. Ijumaa moja nilikuwa kwao, kando ya shamba lake, na mgema alikuwa na la jana tu.

"Hilo limelala," alisema mgema. "Tazama linavyotoa povu. Na mnyama mwenyewe tumbo tupu."

"Watu wazima unawauzia, mbwa ndiye umuonee huruma?" shemegi akamjibu.

"Mtu akizidiwa husema, bwana. Huyo atakwambia nini?"

Watu wakacheka. Shemegi akajaza kifuu.

Mimi nilikuwa hatua mbili. Ningeweza kukipiga teke. Lakini nshakoga, nshavaa kanzu ya Ijumaa, na mbwa keshalowa mdomo. Akinigusa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nikaikusanya kanzu, nikarudi nyuma. Nasema kweli, niliionea uchungu kanzu.

Alikunywa mpaka akakilamba kifuu. Mwanzo aliyumba, tukacheka zaidi. Kisha tumbo likamjaa kama ngoma, akatapika povu, miguu ya nyuma ikamwisha nguvu, akalala. Pumzi ikawa inakuja, inakaa, inakuja. Nyuma ya mihogo tukawasikia nguruwe wenyewe, mchana kweupe, wakikoroma.

"Mpe maziwa," mmoja akasema.

"Yatampalia," akasema mgema.

Shemegi alikaa chini akampakata mbwa kichwa mapajani, mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu mtu halifanyi. Akanitazama.

"Nawe ulikuwepo, shemegi."

"Naam," nikasema.

Adhana ya adhuhuri ilipotoka, pumzi ilikwenda isirudi. Shemegi akamlaza mchangani taratibu, akauchomeka mkuki wake ardhini kando yake, akapangusa mikono kwenye msuli, akashika njia ya Bwejuu. Tulidhani anakwenda kuazima mbwa. Hatukumwona tena, wala wanawe hawakumwona.