Taa ya Koku Kwenye Kioo

Haya niliyaona kwa macho yangu, tena siku ambayo sikuwa nimeonja kitu zaidi ya soda. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua wasomaji wangu, na najijua mwenyewe: mtu aliyesoma chuo kikuu, akaandika makala za kuwacheka wanaoamini mizimu, na mpaka leo hawezi kuziba pancha bila kujiumiza kidole. Cheka kwanza, halafu nisikilize. Ukifika mwisho bado unacheka, basi una bahati, hujafiwa.

Hapa Bukoba tuna kundi la watu wazima tunaopenda pikipiki. Si bodaboda, bodaboda wanaendesha ili wale, sisi tunajinyima kula ili tuendeshe. Kiongozi wetu ni muuza dawa mmoja, Ta Deo, yaani Mzee Deo, nadhani tulimchagua kwa sababu tumbo lake linaonekana kutoka mbali. Jumapili baada ya ibada tunakutana, tunapaka cheni mafuta, tunabishana kuhusu plagi mpaka tunanuniana, kisha tunaondoka kwa mstari. Siku moja Maruku, siku nyingine Kemondo kula samaki. Tukijisikia vijana, tunafika Muleba.

Mstari huo una sheria zake, na usipozijua hutaelewa kilichonipata. Mtu wa mwisho kabisa tunamwita mkia. Mkia anabeba pampu, viraka na waya wa klachi. Anawasha taa hata jua likiwaka. Ukiharibikiwa, wote watakuacha lakini mkia atasimama nawe. Sisi wa mbele kazi yetu ni kuangalia kwenye kioo: taa ya mkia ikionekana, wote ni wazima, twende. Isipoonekana tunasimama na kungoja. Na mkia hampiti mtu. Akikupita, maana yake ni moja tu, safari imekwisha.

Mkia wetu alikuwa Koku. Jina kamili Kokugonza, mwalimu wa hisabati, sauti ya pili katika kwaya yetu ya Kilutheri pale Kahororo, na mke wangu.

Alijifunza pikipiki katika umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kuwa mama wakwe. Akanunua kapikipiki kadogo kekundu, na kabla rangi haijaingia vumbi akakaangusha kwenye shimo la getini kwetu, taa ya mbele ikapinda. Nikajitolea kuitengeneza. Niliifunga kwa waya na kipande cha mpira wa tairi, kwa ufundi wangu wote wa chuo kikuu, na tangu siku hiyo taa ile ikawa inaangalia juu na pembeni, kama zile taa kali tunazozielekeza angani msimu wa senene, kuwanasa panzi hao wa kuliwa. Kundi zima likaiita taa ya senene. Mafundi waliomba kuinyoosha, Koku akakataa.

"Mume wangu ametengeneza kitu kimoja tu maisha yake yote," aliwaambia. "Mniachie."

Pikipiki yangu mimi ni kubwa na ya zamani, na geji yake ya mafuta ilikufa kabla sijainunua. Kabla ya kila safari Koku aliibana kwa magoti, akaitingisha, akainamisha sikio kwenye tangi, kama muuguzi anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha anatoa hukumu: "Yanatosha kufika Kemondo. Hayatoshi ubishi wako. Kajaze." Mimi sikujifunza kusikiliza. Ya nini? Mwenye masikio alikuwepo.

Halafu kuna kurudi nyumbani. Mbele ya geti letu kuna kilima kibaya, na mimi na lile lipikipiki hatuwezi kusimama pale bila kuserereka kurudi nyuma. Kwa hiyo, mita chache kabla, Koku alikuwa ananipita. Ananyoosha mguu wa kushoto pembeni, ile asante yetu ya barabarani, anatangulia, anafungua geti mabawa yote mawili. Mimi naingia kama mfalme.

Hakufa barabarani. Wale waliokuwa wakituonya kuhusu pikipiki wamekosa hata furaha hiyo. Figo zilimchoka, taratibu, na alikufa kitandani, mchana kweupe, ameshika kidole changu chenye plasta. Kapikipiki kake nikakaingiza stoo, nikachomoa betri, nikakafunika shuka.

Sasa twende Muleba.

Jumapili ile tulikuwa tumemaliza kula, ndizi na samaki, Ta Deo akagonga chupa kwa uma.

"Ndugu zangu, tumekaa bila mkia vya kutosha. Leo nimesimama kichakani kuchimba dawa, mmenipita wote mpaka Muhutwe. Kiongozi wenu! Mngeokota maiti!"

"Tulidhani unachimba kisima," akasema Projest, fundi redio, na meza nzima ikaangua kicheko.

"Kwa sababu una mdomo, mkia ni wewe," Ta Deo akamwambia. Halafu akanigeukia, sauti ikashuka. "Profesa, usichukie, waitu, ndugu yetu. Hatumtoi Koku. Ni barabara tu."

"Sijachukia," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyechukia.

Wakampa Projest ile mikoba ya pampu na viraka. Ilikuwa imeshonwa na Koku, kwa kitenge. Projest akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kanisani, na hapo ndipo niliposhindwa. Nikasimama, nikasema nina makala ya kumaliza, ninatangulia.

"Peke yako?" Projest aliniuliza, akinifuata hadi nje. "Umeangalia mafuta, kaka?"

"Yapo."

Niliangalia? Sikuangalia. Nilipiga kiki nikaondoka.

Ilikuwa jioni, manyunyu yanaanza, na ukungu unapanda kutoka ziwani kama kawaida yake. Barabara ilikuwa na watu wachache. Nilipopita Muhutwe nikatupa jicho kwenye kioo cha kushoto, kwa mazoea tu, maana sikuwa na wa kumwangalia. Kukawa na taa.

Nikasema moyoni, huyu ni Projest, wamemtuma anichunge. Nikakasirika, nikaongeza mwendo. Taa nayo ikaongeza. Nikapunguza, ikapunguza, ikabaki umbali uleule ambao mkia mzuri hukaa, si karibu ukakosa pumzi, si mbali ukajiona mpweke. Projest hajui umbali ule. Yeye angekuwa ameshakaribia kunigonga.

Nikaitazama vizuri. Ilikuwa inaangalia juu na pembeni.

Niamini, ndugu msomaji, akili yangu ilifanya kazi yote iliyosomeshewa. Nikasema taa zilizopinda ziko nyingi. Nikasema ni manyunyu kwenye kioo, ni huzuni, ni samaki wa Muleba. Nikafuta kioo kwa glovu. Taa ikaonekana vizuri zaidi.

Kemondo, kwenye matuta, kuna vijana wa bodaboda hukaa karibu na wachoma samaki. Nilipopunguza mwendo, mmoja akapaza sauti:

"Mzee! Mwambie huyo mama wa nyuma ashushe taa! Anatutafutia senene machoni!"

Wenzake wakacheka. Nani alimwambia kwamba ni mama? Nani alimfundisha neno la senene, wakati utani ule ulikuwa wa kundi letu dogo?

Nilipita kituo cha mafuta bila kusimama. Unaniuliza kwa nini sikusimama? Kwa sababu wa mbele akisimama, mkia anafika, na mimi sikujua nini kitafika. Huenda angekuwa yeye. Huenda nikisimama kioo kingebaki kitupu. Kwa muda mrefu nyumba yangu, meza yangu, upande wa pili wa kitanda, vyote vilikuwa vitupu. Kioo kile kilikuwa na kitu. Wewe ungesimama?

Mbele kidogo ya Kemondo pikipiki ikakohoa. Nikainama nikageuza koki, nikaiweka rizevu, yale mafuta ya akiba, na hapo tu ndipo nikakumbuka swali la Projest. Kichwani nikasikia hukumu: hayatoshi ubishi wako.

Basi nikaanza ubahili. Gia ya juu, mkono wa mafuta umelegezwa, kwenye mteremko nazima injini kabisa na kuserereka. Na injini yangu ilipokuwa kimya, jamani, niliisikia yake. Kale kasauti kembamba kama cherehani, na cheni inayogonga kidogo kwa sababu hakupenda ikazwe sana. Nilianza kuongea. Nilimwambia kwamba maharage yananiungulia kila siku. Kwamba kwaya imempa mtu mwingine nafasi yake, na anaimba vizuri, na nimemchukia bila sababu. Kwamba mikoba yake imepewa Projest, mtu mwema, asinichekee. Nilimwambia kidole kimepona. Taa ilitulia palepale, juu na pembeni, inasikiliza.

Halafu nikakumbuka geti.

Nikifika nyumbani atanipita. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Atanyoosha mguu, atatangulia, na kioo kitakuwa kitupu tena. Kwa hiyo nilipofika njia ya Maruku nikakunja. Sina shughuli Maruku. Sina hata ndugu. Nilitaka barabara tu, hata ya udongo, hata ya kuteleza, mradi isiwe inakwenda nyumbani. Taa ikakunja nyuma yangu.

Tulikwenda katikati ya vibanja vya migomba, majani yanadondosha maji, moshi wa chakula cha jioni ukitoka jikoni za watu. Sijawahi kuendesha polepole vile. Nilikuwa naomba. Mimi, mwandishi wa zile makala, nilikuwa namwomba Mungu mafuta.

Pikipiki ilizimika kwenye kilima, ikanesa mara chache, ikasimama. Nikaweka miguu chini, nikabana breki zote.

Katika visa kama hivi mtu hugeuka. Mimi sikugeuka. Nilibaki na kioo changu. Taa ilikuja taratibu mpaka ikajaza kioo kizima, nikawa sioni kitu, ikasimama nyuma yangu, kale kacherehani kakiunguruma. Ndiyo, mkia husimama na aliyeharibikiwa. Nikangoja.

Pikipiki yangu ikatingishwa.

Si upepo. Ilitingishwa kama inavyotingishwa na mtu aliyeibana kwa magoti, kushoto, kulia, kisha kimya kirefu cha mtu anayesikiliza. Tangi halikutoa sauti yoyote. Nilitaka kusema, najua, Koku, najua, hakuna kitu.

Kisha mwanga ukahama. Ukateleza ubavuni mwangu, na mkia ukanipita. Uso sikuuona, na sitakudanganya kwamba niliuona. Niliona buti la mvua, la kushoto, limenyooshwa pembeni. Halafu kataa kekundu ka nyuma kakapanda kile kilima, kakakunja kwenye migomba, kwa haraka ya mtu anayewahi kufungua geti.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Mwanamke mmoja alitoka kwenye kibanja na mwavuli wa jani la mgomba.

"Tata, mbona unalia, baba?"

"Mafuta yameisha."

"Mae! Watu wa mjini! Mafuta yakiisha mnalia?" Akaita nyumbani kwake waniletee ya chupa.

"Mama, hukuona pikipiki imepita hapa?"

"Ipi tena? Hapa umepita wewe peke yako. Na wewe mwenyewe hujapita, umekwama."

Nilifika Kahororo giza limeshaingia. Geti nililolifunga kwa komeo asubuhi lilikuwa wazi, mabawa yote mawili. Mimi hufungua bawa moja. Nilikimbilia stoo. Ningependa kukuambia kwamba injini ya kale kapikipiki ilikuwa ya moto, ingekuwa hadithi nzuri zaidi. Ilikuwa baridi. Betri ilikuwa sakafuni nilipoiacha, na shuka lilikuwa na vumbi lake. Nililiinua kidogo, nikaigusa taa, nikalirudisha.

Tangu hapo nimeirudia barabara ile, jioni, katika manyunyu, tangi limejaa mpaka kifunikoni. Nimejifunza kutingisha na kusikiliza. Projest anasema nimekuwa na sikio zuri. Projest ni mkia mzuri pia, siku hizi anajua umbali. Lakini taa yake inaangalia mbele, kama taa za watu wengine wote, na kila ninapoitazama ninalazimika kukaza meno. Askari wa barabarani alinisimamisha juzi akaniuliza kwa nini kioo changu cha kushoto nimekiinamisha chini. Nilimwambia skrubu imelegea, sikumwambia kwamba sitaki kuiona taa ya Projest. Geti nalilaza wazi, mabawa yote mawili, na majirani wameshanionya kuhusu wezi.

Nawe unayeendesha, nakuonya hivi. Kama nyuma yako kuna taa unayoipenda, itazame leo, na kama imepinda iache ilivyopinda. Na ukija kuiona siku ambayo haipaswi kuwepo, usiulize maswali niliyouliza, usifute kioo, usipoteze hata mteremko mmoja kwa kushangaa. Nenda polepole. Ongea nayo. Utaweza kwenda nayo mpaka pale mafuta yako yatakapoishia, na hatua moja zaidi hutaipata, hata ukiomba kama nilivyoomba mimi.

Kwa hiyo usiwajibu watu "yapo" kabla hujaangalia. Shuka, fungua kifuniko, tingisha, sikiliza. Jaza tangi.