Hedfoni za Mashineni

Wifi yangu Kandida, Mama Hilary, anasaga unga pale Bagara tangu Hilary akiwa mgongoni, na sasa Hilary ana ndevu. Mimi Lukresia nauza nyanya na vitunguu mlangoni pa mashine, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko kaka yangu aliyemuoa. Na niseme mapema: aliponiambia anataka kununua hedfoni kwa bei ya ndama jike, nilimwambia amechanganyikiwa.

"Ndama anazaa, wifi," nikamwambia. "Hizo zitakuzalia nini?"

Hakunijibu. Mashine ilikuwa inanguruma, hakusikia.

Ndiyo shida yenyewe. Mashine ile ilikuwa inamla masikio. Hata akiizima jioni, masikio yaliendelea kulia mpaka anapitiwa na usingizi, na nyumbani waliongea naye kama wanaomwita mtu ng'ambo ya korongo. Hilo alilivumilia. Lililomuuma ni kwaya. Anaimba sauti ya pili katika kwaya yetu ya Kilutheri tangu usichana wake, na mazoezi yetu ni jioni, akitoka kusaga. Alikuwa hajisikii anapoimba, basi anapaza sauti na kuwafunika wenzake wote. Mwalimu wetu Wilbroad, kijana mpole, alimwita pembeni akamwambia kwamba sikukuu ya mavuno ikifika akiwa bado hivyo, itabidi apumzike, akae na waumini. Mama Hilary alilia nyuma ya kanisa na mimi nikalia naye, ingawa nilijua kijana amesema kweli.

Pamba alishajaribu. Alishajaribu na hedfoni za bei chee za kule stendi. Hizo hazikuzuia chochote, akawa anafungulia nyimbo kwa sauti kubwa ili kuishinda mashine, masikio yakazidi kuharibika. Rahisi ni ghali, watu hawakukosea. Mwishowe akaenda kwa Amira, muuza simu wa mjini, akanunua zile kubwa nyeusi zinazofunika sikio lote na kumeza ngurumo hata bila muziki. Akarudi amezivaa, anatabasamu peke yake.

Kweli, ngurumo ilikwisha. Tatizo, sauti za watu nazo zilikwisha. Mabinti na vijana wanaingia na madebe yao, wanamwamkia shikamoo, yeye kimya. Haikuchukua muda maneno yakaenea Bagara nzima: Mama Hilary anaringa siku hizi, salamu zetu hazitaki. Nikamweleza. Akajitafutia dawa mwenyewe: kila akiona midomo ya mtu inacheza, anajibu "marahaba" kwa sauti ya kutikisa mabati.

Ikaenda vizuri mpaka siku alipoingia Mzee Anselmi wa Nakwa. Huyo ni mzee wa kanisa na mlezi wa kwaya, mtu ambaye hata mchungaji anamwamkia. Akasema taratibu, "Hujambo, mwanangu?"

Mama Hilary, mikono ikiwa kwenye mahindi, akamjibu, "Marahaba!"

Jamani, nilitamani kujifunika kwa tenga langu la nyanya. Amempokelea shikamoo mtu aliyebatizwa kabla mama yake hajaolewa, na shikamoo yenyewe hakupewa. Mzee akabeba debe lake la mahindi, halijasagwa, akatoka. Nikamvua wifi yangu zile hedfoni nikamweleza alichofanya. Akakaa juu ya magunia akaniambia, "Basi. Kwaya nimeiaga."

"Hujaaga kitu," nikamwambia. "Simama."

Nikamkimbilia mzee, nikampokea debe, nikamsihi mpaka akarudi, amenuna. Mama Hilary akampigia goti, akamwamkia, akaomba radhi. Mzee bado amekunja uso. Basi yule mwanamke, bila kusema zaidi, akamvika mzee hedfoni na kuwasha mashine. Mzee akatoa macho. Akageuka huku na huku akitafuta ngurumo imekwenda wapi. Nikasimama mbele yake nikasema, "Mzee, msamehe mwanao, hakukusudia."

"Marahaba," akasema mzee.

Tulicheka mpaka Mama Hilary akashindwa kusaga, akazima mashine. Tulipomwambia alichojibu, mzee naye alicheka hadi akakohoa, na debe lake likasagwa. Tangu siku hiyo, mwenye mvi yeyote akitokea mlangoni, Mama Hilary anaachia sikio moja wazi na kuamkia yeye kwanza.

Bei bado inaniuma nikiikumbuka, sifichi. Lakini jioni masikio yake hayakulia tena kama zamani, na kaka yangu ikambidi ajifunze upya kuongea kama mtu.

Yakafika mazoezi ya mwisho kabla ya mavuno. Wilbroad akatunyamazisha sisi wengine, akataka sauti ya pili waimbe peke yao. Wakaimba. Katikati ya wimbo akainua mkono, akaangaza macho kwenye safu yao.

"Mama Hilary hakuja leo?"

"Nipo, mwalimu," akajibu mwenyewe, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka.

Wilbroad akamtazama kidogo. "Baki hapo hapo," akasema. "Na siku ya mavuno usimame hapo hapo."

Tukaanza upya, sote. Furaha ilinijaa kifuani, nikaimba kwa nguvu zangu zote, mpaka Wilbroad akasimamisha tena kwaya na kuniambia, mimi Lukresia, kwamba ninawafunika wenzangu.