Chuma cha Mfua Visu wa Githongo

Msimu ule kahawa ilipozaa mpaka matawi yakainama, mfua visu wa Githongo alikuwa kijana aliyefua visu kwa springi za lori kuukuu na kuvipima kwa kunyoa mkono wake wa kushoto. Mkono huo haujapata kuota nywele tangu hapo. Sasa ni mzee. Jumatatu iliyopita Jamaldin, mchinjaji wetu, alimletea kisu cha dukani kinachong'aa.

“Ninolee hiki, mzee. Hakishiki kutu. Chako ni cheusi kama sufuria ya kupikia githeri, wateja wananicheka.”

Mzee alikinoa, kikanyoa mkono wa kulia vyema. Akakata nacho gunia la kahawa mara mbili, akakijaribu tena. Nywele zikalala tu.

“Kutu hufutwa kwa mafuta, Jamaldin! Ng'ombe utamkereza koo mara ngapi? Unamficha kisu asiogope, kisha umtese ili wateja wajitazame kwenye bapa?”

“Ng'ombe haulizi aina ya chuma, mzee wangu.”

Mimi niliyeketi pale nilighadhabika. Mzee yeye alichukua kisu cheusi alichokifua mwenyewe, akakinoa, akakifunga kwa kitambaa, akamfuata Jamaldin hadi machinjioni, akamkabidhi, kisha akasimama pale mpaka ng'ombe alipochinjwa kwa mkato mmoja.